Muulize Bi Fundi: Safu ya tatu ya daftari

Barua za safari hii zimenifurahisha. Watu hawaniulizi tena namna ya kubadilisha mlio. Wanataka kujua kilicho nyuma ya pazia la Android, na wengine wameshaingia huko kabla hata ya kuniandikia. Siwazuii. Mengi ninayoyajua kuhusu simu nimeyajua kwa kuharibu, tena nyingine za watu. Ila nina daftari lenye safu tatu: nilichogusa, kilivyokuwa kabla, na njia ya kurudi. Safu ya tatu ikiwa tupu, mkono wangu haugusi.

Shikamoo Bi Fundi. Nilibonyeza Nambari ya Muundo mara saba kama nilivyoona kwenye video, nikaambiwa sasa mimi ni msanidi programu. Nikawasha vitu viwili vitatu ili simu iwe nyepesi. Tangu hapo, nikiwa najaza fomu kisha nikatoka kidogo kusoma meseji, nikirudi nakuta fomu tupu. Je, ni virusi?

Marahaba. Virusi huna, una swichi uliyoiwasha na kuisahau. Ndani ya Chaguo za wasanidi programu mna kitu kinaitwa Usihifadhi shughuli. Kikiwashwa, kila ukurasa wa programu unauawa pale pale unapoupa mgongo. Waandishi wa programu wana sababu ya kukihitaji: wanapima kama programu yao itakumbuka ilipoishia endapo mfumo utaiua kwa kukosa nafasi. Wewe fomu yako haikuwa kwenye majaribio ya mtu. Kizime.

Ukiwa huko huko, tazama kile kikomo cha programu zinazoruhusiwa kukaa nyuma. Nina hakika umekishusha, maana kila anayeniandikia kuhusu wepesi huwa amekishusha. Kirudishe kwenye kiwango cha kawaida. Programu iliyolala nyuma haikuibii kitu kikubwa. Android imeiacha kwenye kumbukumbu makusudi ili ukiirudia ifunguke upesi, na nafasi ikihitajika itaiondoa yenyewe bila kukuuliza. Ukiifukuza kila mara, kila ukiifungua inaanza upya, na kuanza upya ndiko kunakonyonya betri.

Kama unatafuta wepesi, chukua vile vipimo vitatu vya uhuishaji, uvitoe kwenye 1x uvipeleke 0.5x. Simu haitaongezeka nguvu hata chembe, lakini madirisha yatafunguka bila madaha.

Kisichofaa kuguswa kwa kubahatisha ni upana mdogo zaidi wa skrini, namba inayoamua ukubwa wa vitu unavyoviona. Mtu mmoja alikusudia kubadilisha tarakimu moja, akaongeza sifuri mwishoni. Ikoni zake zikawa kama punje za mchanga, na kidole chake kilikuwa kikigusa nne kwa mpigo. Tuliokoka kwa sababu kompyuta yake ilikuwa imeshaidhinishwa na simu ile, nikatumia ADB, zana ya kuiamrisha simu kutoka kwenye kompyuta, nikaandika *adb shell wm density reset* na kila kitu kikarudi. Namba ya awali hakuwa ameiandika popote.

Fundi aliyenibadilishia kioo aliwasha Utatuzi wa USB, akaniambia niuache hivyo hivyo "kwa ajili ya baadaye". Una ubaya?

Baadaye ipi hiyo? Kazi imeisha, mlango ufungwe.

Utatuzi wa USB huipa kompyuta iliyounganishwa uwezo wa kusakinisha na kuondoa programu, kusoma kumbukumbu za mfumo, kupiga picha ya skrini na kunakili mafaili yako. Tangu Android 4.2.2, simu huuliza kwanza kama unaiamini kompyuta hiyo na kukuonyesha alama ya ufunguo wake. Hapo ndipo watu wanapojikwaa: chini ya swali kuna kisanduku cha kuruhusu kompyuta hii kila wakati, na mkono wenye haraka hukitia tiki. Kikishatiwa, kompyuta ya fundi wako inaingia bila hodi. Kuanzia Android 11 kuna nafuu, kwa kuwa kompyuta isiyounganishwa kwa siku 7 husahauliwa, isipokuwa mtu awe amekizima kikomo hicho.

Ingia kwenye Chaguo za wasanidi programu, batilisha uidhinishaji wote wa utatuzi wa USB, kisha zima utatuzi wenyewe. Utatuzi usiotumia waya uzime pia kama umewashwa, hasa ukiwa kwenye Wi-Fi ya watu wengi. Sisemi fundi wako ni mwizi. Labda anapenda tu kurahisisha kazi yake, kama nilivyokuwa mimi zamani. Lakini kompyuta ya fundi inaunganishwa na simu nyingi kwa siku, na hujui zilikuja na nini.

Bi Fundi, simu yangu ilikuja na programu chungu nzima ambazo sikuziomba, na hazina kitufe cha kuondoa. Kijana mmoja amenitumia orodha ya amri za ADB, mistari 74, anasema niibandike yote kwa mkupuo. Niibandike?

Usiibandike. Orodha ile ni ya simu yake, na inawezekana hata yeye alipewa.

Ngoja nikusimulie langu, ingawa linanitia aibu. Nilikuwa na simu mpya na kiburi cha mtu aliyekwisha safisha simu nyingi. Nikafungua orodha ya vifurushi, yaani programu kwa majina yake ya ndani, nikaanza kufyeka: michezo, duka la pili la programu, msaidizi wa sauti. Nikakutana na kibodi ya kampuni iliyotengeneza simu. Mimi nilikuwa natumia kibodi nyingine, kwa hiyo nikaifuta ile. Mistari kumi mbele nikafuta kifurushi kingine ambacho jina lake sikulitambua, na nafsi ikaniambia kitakuwa takataka tu. Kilikuwa ile kibodi nyingine.

Sikujua mpaka nilipoizima simu na kuiwasha. Simu ikidai nywila baada ya kuwashwa haikubali alama ya kidole, na nywila yangu ilikuwa ya herufi. Nikagusa kisanduku. Mshale mdogo ukawa unapepesa macho ndani yake, na chini ya skrini hakuna kilichoinuka. Nikagusa tena. Kweupe. Ningekuwa natumia PIN ya tarakimu ningepona, maana vitufe vya PIN vinachorwa na skrini ya kufunga yenyewe, havitegemei kibodi. Lakini mimi, mtaalamu, nilikuwa nimejiwekea herufi kumi na sita.

Kilichoniokoa ni kibodi ya kompyuta, ile ya waya, niliyoichomeka kwenye simu kwa kiunganishi cha OTG, kile kinachoiwezesha simu kupokea vifaa vya USB. Android huitambua bila kusakinisha chochote. Nikaandika nywila kwa kibodi kubwa kuliko simu, nikaingia, nikaunganisha kompyuta na kurudisha nilichofuta kwa *adb shell cmd package install-existing* na jina la kifurushi. Kiunganishi kile hakijawahi kutoka kwenye mkoba wangu tangu siku hiyo.

Amri hiyo ya kurudisha inafanya kazi kwa sababu moja ambayo waandikaji wa orodha hawaisemi. Ukitumia *pm uninstall --user 0*, kifurushi hakifutwi kwenye simu. Kinaondolewa kwa mtumiaji wako tu, lakini nakala yake ya asili inabaki kwenye sehemu ya mfumo isiyoandikika. Ndiyo maana ukirejesha simu kwenye hali ya kiwandani, vyote vinakuja tena kama havijawahi kuondoka. Na ndiyo maana nafasi unayoipata ni ndogo kuliko unavyodhani: inayoondoka hasa ni data, programu ya asili ipo pale pale.

Basi fanya hivi. Anza na kitufe cha kuzima kilichomo kwenye Mipangilio. Kwa programu nyingi kipo, ni watu tu hawakioni kwa kuwa wanatafuta neno "ondoa". Kikikosekana, tumia *pm disable-user --user 0* kabla ya kufikiria kuondoa. Moja moja. Baada ya kila moja, zima simu uiwashe, piga simu, tuma meseji, fungua kamera. Kaa nayo siku nzima. Majina yenye *systemui*, *webview*, *packageinstaller*, *telephony* au *providers* yapitie mbali. Kifurushi usichokijua kitafute kwa jina lake kamili kwanza, na ukishindwa kupata maelezo, kiache. Mistari 74 kwa mwendo huo itakuchukua miezi, nawe utagundua kwamba zilizokuwa zinakukera kweli ni sita.

Wasio na kompyuta hutumia Shizuku, programu inayogawa mamlaka ya ADB kwa programu nyingine bila kuruti simu, yaani bila kujipa mamlaka ya juu kabisa juu ya mfumo. Ni zana nzuri, nami ninayo. Ila kila programu unayoikubalia humo, ichukulie kama mtu uliyemkabidhi simu na kebo ukaondoka. Mimi nimezikubalia mbili.

Nimepakua programu ya kusafisha simu kutoka kwenye kiungo nilichotumiwa. Inataka ruhusa ya Ufikivu, na simu inasema mpangilio huo umezuiwa. Nawezaje kuondoa kizuizi?

Njia ipo, ila hutaipata kwangu.

Huduma za Ufikivu zilitengenezwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri au wasioweza kugusa skrini. Ili programu imsomee mtu yaliyo kwenye skrini, lazima iyaone yote. Ili imbonyezee, lazima iweze kubonyeza popote. Sasa fikiria uwezo huo mikononi mwa tapeli: anasoma salio lako, anasoma namba ya siri iliyotumwa kwa meseji, anabonyeza "Kubali" wewe ukiwa unatazama picha. Programu hatari zinazolenga benki hufanya hivyo hasa. Kizuizi unachokiona kiliwekwa kuanzia Android 13, mwaka 2022, kwa programu zilizotoka nje ya duka rasmi, na sababu ni barua kama yako.

Na hakuna kitu cha kusafisha simu kinachohitaji kusoma skrini yako. Iondoe. Ikigoma kuondoka, washa simu katika hali salama: kwenye simu nyingi unabonyeza kitufe cha kuwasha, kisha unashikilia maandishi ya Zima mpaka uulizwe. Humo programu ulizopakua hazifanyi kazi. Kagua orodha ya wasimamizi wa kifaa, ivue usimamizi, halafu iondoe. Ulishaipa ruhusa nyingine kabla ya hii? Basi badilisha nywila zako, tena kwa kutumia kifaa kingine.

Shikamoo shangazi. Nina miaka 19, nataka kuruti simu yangu. Ndiyo simu pekee niliyonayo na ina programu yangu ya benki. Nipe hatua.

Marahaba mwanangu. Umenipa sababu mbili za kukataa ndani ya sentensi moja: simu pekee, na benki.

Elewa kwanza unachokigusa. Simu ikiwaka, kila hatua inakagua sahihi ya hatua inayofuata, kuanzia kwenye chipu mpaka kwenye mfumo. Butiloda, programu ndogo inayouamsha mfumo, ndiye bawabu wa mlolongo huo. Ukimfungua, simu inafuta data yako yote. Watu huona huo ni ukatili, kumbe ndiyo kinga: bila hivyo, mwizi angemfungua bawabu, aweke mfumo wake na kusoma picha zako. Baada ya hapo, kila ukiwasha simu utasalimiwa na onyo kwamba mfumo hauwezi kuthibitishwa. Programu za benki huuliza kupitia Play Integrity, huduma ya ukaguzi ya Google, kama simu bado inaaminika, na nyingi zikijibiwa hapana zinakataa kufunguka. Kuna watu wanaocheza paka na panya na ukaguzi huo. Leo wanashinda, kesho usasisho unakuja na huna hela ya kulipa kitu unachotakiwa kulipa.

Kuna mengine hayarudi kabisa. Simu za Samsung zenye Knox, mfumo wao wa ulinzi, zina fyuzi ya kielektroniki: ukiweka mfumo usio rasmi inaungua, kipimo kinasoma 0x1, na Folda Salama haitafanya kazi tena kwenye simu hiyo hata ukirudisha mfumo wa kiwandani. Simu za Pixel 6 zilipopokea Android 13 mnamo Agosti 2022 zilifungiwa njia ya kurudi Android 12, kwa sababu butiloda ya zamani ilikuwa na kasoro ya kiusalama. Katika daftari langu, hapo safu ya tatu ina mstari uliokatwa.

Sasa, sitaki uache kujifunza. Tafuta simu kuukuu, iliyoachwa kupewa masasisho, isiyo na laini wala akaunti yako kuu. Tazama kama ipo kwenye orodha ya simu zinazotumia LineageOS, mfumo huru uliojengwa juu ya Android, ulioanza mwishoni mwa 2016 baada ya mtangulizi wake CyanogenMod kufa. Soma maelekezo ya modeli yako yenyewe mpaka herufi ya mwisho ya jina la modeli. Simu mbili zenye jina moja la biashara zinaweza kuwa na chipu mbili tofauti. Kila faili unalopakua huja na namba ya SHA-256 ya kuthibitisha kwamba halijabadilishwa, herufi na tarakimu 64. Ilinganishe yote, usiishie kwenye nne za mwanzo kama wafanyavyo wavivu. Magisk, chombo cha kuruti kinachotumiwa na wengi tangu 2016, kipakue kwenye ukurasa wake wa GitHub tu. Tovuti nzuri nzuri zenye jina lake si zake. Betri iwe juu ya nusu. Na kebo iwe nzima: nimeona simu ikifa katikati ya kuflashi, yaani kuandikiwa mfumo mpya, kwa sababu ya kebo iliyokuwa ikihitaji kukunjwa kidogo ili ishike.

Halafu kosa la mwisho, ambalo huwapata waliofanya vizuri mengine yote. Mtu akishachoka na lile onyo la kila asubuhi, anaamua kumfunga bawabu tena huku mfumo wake uliobadilishwa ukiwa bado ndani. Bawabu anaamka, anakagua sahihi, haitambui, anakataa kuwasha simu. Ukitaka kufunga butiloda, rudisha kwanza mfumo kamili wa kiwandani, hakikisha unawaka, ndipo ufunge.

Ukishaiua hiyo simu kuukuu na kuifufua mara mbili, niandikie tena.

Nimenunua simu iliyotumika. Baada ya kuifomati inadai akaunti ya Google ya mwenye kwanza. Kuna anayesema ataipita, na atabadilisha na IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, ili "isisumbue".

Anayetaka kubadilisha IMEI anakwambia bila kukwambia kwamba anajua simu ilikotoka. Katika nchi nyingi hilo ni kosa la jinai. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 2002. Kwenye ukaguzi, jina linaloonekana litakuwa lako.

Kuhusu akaunti: ulinzi huo upo tangu Android 5.1, mwaka 2015, na lengo lake ni kuifanya simu ya wizi isiwe na faida. Mrudie aliyekuuzia. Kama ni mwenyewe kweli, ataweka nywila yake hapo hapo kwa dakika moja. Akikataa kuonana nawe, dai pesa yako na upeleke taarifa polisi. Na wewe unayesoma hili ukiwa unauza simu: toa akaunti kwenye Mipangilio kwanza, ndipo ufomati.

Mume wangu amebadilika. Kuna kijana anasema nikimpa simu ya mume wangu dakika kumi ataweka programu isiyoonekana, nitasoma kila kitu.

Dada yangu, pole. Hiyo siwezi kukusaidia kuifanya, na naomba usimpe kijana huyo simu ya mtu yeyote, ikiwemo yako. Programu za namna hiyo hazileti mazungumzo kwako moja kwa moja. Zinayapeleka kwenye seva za watu usiowajua, ndipo wewe unaruhusiwa kuchungulia. Kampuni zinazoziuza zimedukuliwa zaidi ya mara moja, na siri za familia zikamwagika, pamoja na majina ya walioweka. Yatakayochukuliwa ni pamoja na meseji ulizomwandikia wewe, na picha za watoto wenu. Kisheria pia unaweza kujikuta mshtakiwa.

Nina jambo jingine, kwa wale wanaoogopa kwamba wao ndio wamewekewa. Kagua orodha ya Ufikivu, wasimamizi wa kifaa, na programu zenye ruhusa ya kusoma arifa. Usipolitambua jina, piga picha ya skrini kwa kutumia simu nyingine. Lakini kama aliyeweka ni mtu anayeweza kukudhuru, usikimbilie kuifuta: ataona kwamba imenyamaza. Tafuta kwanza mahali salama na mtu wa kukusaidia, ukiwasiliana kwa simu ambayo yeye hajawahi kuishika.

Shemeji ametuma ujumbe kwenye kundi la familia: piga \*#21#, ukiona maandishi basi simu yako inasikilizwa. Nimeona maandishi!

Kila mtu huyaona. Msimbo huo unauliza mtandao wako kama simu zinazokuja kwako zimehamishiwa namba nyingine, nao unajibu kwa kila aina: sauti, data, faksi. Faksi, ndiyo. Ukisoma "haijahamishwa" kwenye mistari yote, endelea na shughuli zako. Ukiona namba usiyoijua, piga ##002# kufuta uhamishaji wote, kisha zungumza na mtoa huduma wa laini yako akueleze uliwekwa lini. Kwa kusikilizwa, msimbo huo hausemi lolote. Mwambie shemeji, tena kwenye kundi hilo hilo.